Probox linalozima njiani: shajara ya kusaka kosa la umeme

Jumamosi, 3 Februari 2024. Ugonjwa wenyewe

Gari ni Toyota Probox ya mwaka 2005, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, gia otomatiki, kilomita 214,000 na ushee. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, kwa hiyo hili ndilo linalobeba mitungi ya gesi, kompresa na mkoba wangu wa vifaa kutoka Mbagala, Dar es Salaam, kwenda kokote mteja aliko. Likizima, na kazi imezima.

Linazima ghafla likiwa linatembea. Halikohoi, halitetemeki, halipungui nguvu kwanza. Linakata tu, kama mtu amebonyeza swichi ya ukutani. Taa ya betri na ya oili zinawaka kwenye dashibodi, redio inaendelea kuimba. Ukipiga stata injini inazunguka vizuri ila haishiki. Kaa dakika kumi, mara nyingine ishirini, linawaka kama halikufanya kitu. Wiki moja linaweza lisizime hata mara moja. Siku nyingine mara tatu kabla ya adhuhuri, na mara moja ilikuwa katikati ya Barabara ya Kilwa, lori liko nyuma yangu linapiga honi.

Nikilipeleka gereji linapona mlangoni, kama mtoto mwenye homa anayeanza kucheza akiliona tu benchi la zahanati. Fundi anazunguka nalo nusu saa, halizimi, basi anabahatisha. Hadi leo nimeshatoa:

Kupima kwa mashine 30,000 (haikutoa kodi yoyote, yaani namba ya kosa). Pampu ya mafuta ya mtumba 90,000, kuifunga 25,000. Sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka) 55,000, kuifunga 15,000. Plagi nne 48,000. Jumla shilingi 263,000, na jana limezima pale Mtoni kwa Aziz Ali.

Siwalaumu sana mafundi hao. Kosa ambalo halipo unapolitafuta humfanya kila mtu apige ramli, na mimi mwenyewe nimeshabadilisha themostati nzima za friji za watu kwa ramli hiyo hiyo. Ila sasa nimeweka nadhiri: hakuna spea itakayonunuliwa mpaka kipimo kiseme. Naandika hapa kila hatua ili mwenye gari linaloumwa hivi asianze kwenye sifuri.

Jumapili, 4 Februari. Betri, chaji, na mlio wa mita

Yale ya kawaida yamekwenda haraka. Betri asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.5. Injini ikiwaka: 14.1. Nikiwasha taa kubwa, feni na waipa: 13.8. Alteneta haina neno. Vichwa vya betri nimevisafisha na kuvikaza. Fyuzi zote nimezichomoa moja moja na kuziangalia miguu, hakuna iliyoungua.

Kisha nikapima ethi, yaani zile nyaya hasi zinazofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Multimita, yaani mita ya kupimia umeme, kwenye alama ya mlio, waya mmoja kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye kila boliti niliyoifikia. Kila mahali ikalia pii. Nikaandika kwenye daftari: ethi zote nzima.

Sentensi hiyo sikuifuta, naiacha hapo hapo. Soma tarehe 11.

Jumamosi, 10 Februari. Daftari la kwenye droo

Wiki nzima nimetembea na daftari dogo kwenye droo ya dashibodi. Kila likizima naandika saa, mahali, mwendo, jua au kivuli, tuta au lami nzuri, na nini kilikuwa kimewashwa. Limezima mara tano:

Nne kati ya saa sita na saa tisa mchana, zote baada ya gari kuegeshwa juani si chini ya saa nzima. Moja saa kumi jioni kwenye foleni ya Uhasibu. Usiku hakuna. Alhamisi ilinyesha tangu alfajiri na gari likafanya kazi siku nzima bila neno. Tatu zilikuja baada tu ya tuta, mbili kwenye lami iliyonyooka.

Na kuna moja inayonisumbua. Jumatano niliegesha kwa mteja Temeke asubuhi, nikamaliza saa saba, nikawasha, na kabla sijafika mita mia mbili likazima. Injini ilikuwa baridi kabisa, mshale wa joto haujanyanyuka. Kilichokuwa cha moto ni ndani ya gari tu, usukani haushikiki. Nimeiandika bila kuielewa.

Kwa kuwa joto lilionekana kuhusika, leo nimeazima drai ya nywele ya mama watoto. Injini ikiwaka pale pale uani, nimeipuliza sensa ya krenki dakika tano, koili zote nne za kuzipa plagi cheche moja baada ya nyingine, kisha rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za kwenye boksi chini ya boneti. Huku nikitikisa kila waya na kila soketi kwa mkono. Dakika arobaini. Injini ikanguruma tu. Kilichopatikana ni harufu ya plastiki na maneno kuhusu drai.

Jumapili, 11 Februari. Ethi tena, safari hii chini ya mzigo

Jana jioni nilikuwa nyuma ya gari nikiteremsha kompresa, mpwa wangu amekaa kwenye usukani. Taa za paking zilikuwa zimewaka. Akakanyaga breki, na badala ya taa ya breki kung'aa, zile za paking zikafifia na indiketa ya upande ule ikawaka kidogo, rangi ya makaa yanayokufa.

Hiyo mtu wa umeme akiiona anaijua. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapenya kwenye balbu za jirani kutafuta pa kutokea. Ethi ya nyuma ni mbovu. Lakini wiki iliyopita mita ililia pii pale pale!

Mlio wa mita hupitisha umeme mdogo mno. Waya wenye nyuzi ishirini, kumi na tisa zikiwa zimekatika, bado utalia pii, kwa sababu uzi mmoja unatosha kwa mita. Hautoshi kwa ampea tano. Ni sawa na kupima bomba la maji kwa kupuliza: pumzi inapita, ndoo haijai. Njia sahihi ni kuacha mzigo ukivuta, kisha kupima volti zinazopotelea njiani. Mita kwenye volti DC, waya mmoja kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, mwingine kwenye mahali unapopashuku. Palipo pazima utasoma karibu na sifuri. Mimi nikivuka volti 0.2 naanza kufungua.

Nilichopata, kwa volti:

Betri hadi injini, wakati wa kupiga stata: 0.17. Nzuri.

Betri hadi bodi, taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa: 0.62. Mbaya. Boliti ya waya hasi unaoshuka kwenye bodi imeota kutu ya kijani. Spana namba 10, msasa, grisi kidogo juu baada ya kukaza: 0.04.

Betri hadi ethi ya taa za nyuma kushoto, breki imekanyagwa: 2.9. Hapo nikacheka. Nilipotoa plastiki ya pembeni nikaona gari liliwahi kugongwa upande ule likanyooshwa, na aliyepiga rangi alipaka hadi kwenye tundu la sikrubu, kisha waya mweupe wenye mstari mweusi (kwenye Toyota huo ndio ethi) ukafungwa juu ya rangi. Umekaa miaka ukishika kwa meno ya sikrubu peke yake. Nimekwangua hadi chuma kikang'aa, nimeweka kichwa kipya cha waya, nimekaza. Sasa 0.06, na breki ikikanyagwa indiketa inabaki imelala.

Gharama: msasa, vichwa vya waya na grisi, 7,000.

Nimelala nikiamini nimemaliza.

Jumatano, 14 Februari. Bado

Limezima saa nane mchana, Rangi Tatu, likiwa na friji ya mteja nyuma. Dakika kumi na nane. Mteja alipiga simu mara tatu.

Kwa hiyo ethi zilikuwa mbovu kweli, na hazikuwa ndizo. Gari kuukuu linaweza kuwa na magonjwa mawili yasiyojuana.

Jumamosi, 17 Februari. Taa tatu kwenye dashibodi

Nimekaa nikafikiri kama ningekuwa kwa friji. Friji linalogoma usiku tu, mwenye nyumba akiwa amelala, huwa namfungia mita ya kurekodi na kuondoka. Silali jikoni kwake. Gari nalo linahitaji shahidi wa kukaa nalo muda wote.

Shahidi niliyemtengeneza ni taa tatu ndogo za LED, kila moja na rezista (kipunguza umeme) ya omu 1,000, zimebandikwa kwenye kipande cha plastiki juu ya dashibodi. Nyekundu inachukua moto (umeme chanya) kwenye fyuzi ya IGN, yaani moto unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda kwenye koili na kompyuta ya injini. Kijani iko kwenye mguu wa kutokea wa rilei kuu ya EFI, mfumo wa kupulizia mafuta kwenye injini. Njano kwenye mguu wa kutokea wa rilei ya pampu. Kila waya una fyuzi yake ya ampea 1 mwanzoni kabisa, ili ukichunika ukapiga shoti usiunguze kitu. Tafadhali usitumie balbu ya kawaida ya indiketa kwa kazi hii. Inavuta karibu ampea mbili, na ukiifunga kwenye waya wa kompyuta unaweza kuua kifaa kizima katika kutafuta kilicho kigonjwa.

Likizima, napaswa kujua kwa kuangalia tu. Njano ikifa peke yake, ni njia ya pampu. Kijani na njano zikifa huku nyekundu ipo, ni rilei kuu. Zote zikifa, tatizo liko juu yao, upande wa ufunguo. Zote zikibaki zinawaka huku injini imekufa, basi moto upo, nirudi kwenye sensa na koili.

Njano huzimwa na kompyuta yenyewe sekunde chache baada ya injini kusimama, kwa hiyo kinachotakiwa ni nani alitangulia, na jicho la dereva barabarani haliaminiki kwa hilo. Mpwa wangu, ambaye yuko likizo na ana simu yenye kamera nzuri kuliko yangu, amekubali kupanda nami na kurekodi. Malipo yake ni chipsi.

Gharama: LED, rezista, waya na vishikio vya fyuzi, 9,500.

Jumanne, 20 Februari. Imenaswa

Tumeliegesha juani makusudi kuanzia saa tano hadi saa saba, vioo vimefungwa. Kisha tukazunguka mitaa yenye matuta. Tuta la nne, likakata.

"Anko, imekufa nyekundu!"

"Nyekundu peke yake?"

"Zote. Ila nyekundu, anko, nyekundu!"

Tukaegesha tukaangalia video polepole. Zote tatu zinazima pamoja, zinapepesa mara mbili kama kope, kisha giza. Dashibodi inawaka kama kawaida pembeni yake. Baada ya dakika kumi na moja nyekundu ikarudi yenyewe hatujagusa kitu, nikapiga stata, likawaka.

Hapo nikaelewa mambo mawili yaliyokuwa yamenipotosha tangu mwaka jana. La kwanza ni taa za dashibodi. Kila fundi alisema "swichi ya ufunguo ni nzima, mbona dashi inawaka?" Nami nilikubali. Lakini swichi ya Toyota ina njia mbili zinazoingia, AM1 na AM2, na njia zinazotoka nazo ni tofauti: IG1 inalisha dashi na waipa, IG2 inalisha injini. Moja inaweza kufa na nyingine isijue.

La pili ni ile mashine iliyosema hakuna kosa. Kompyuta ya injini inaandika kodi ikiwa hai. Njia hii ikikatika, kompyuta yenyewe imekatiwa moto. Maiti haiandiki sababu ya kifo.

Jumamosi, 24 Februari. Swichi

Kipimo kimesema upande wa ufunguo, nami nikanunua. Sehemu ya umeme ya swichi, mtumba, Gerezani, 40,000 baada ya kuomba sana. Imefungwa nyuma ya kitasa kwa sikrubu mbili, ufunguo haubadiliki. Kabla ya kuingiza mikono chini ya usukani chomoa waya hasi wa betri, subiri angalau dakika moja na nusu, na usiguse soketi za njano, hizo ni za mto wa hewa (airbag).

Kazi ilichukua dakika hamsini, nyingi zikiwa za kusukuma pembeni fungu la nyaya lililonizuia. Limewaka. Tumelipiga jua saa tatu, tumezunguka, halikuzima.

Jumatano, 28 Februari. Siku nne za uongo

Limezima leo saa saba na robo. Nyekundu, kijani, njano, zote.

Nimekaa ndani ya gari jasho linanitoka nikijitukana kwa upole. Taa nyekundu niliifunga kwenye fyuzi. Kati ya swichi na fyuzi kuna waya, karibu mita nzima, na mimi nikahukumu swichi kana kwamba waya ule haupo. Kipimo hakikusema "swichi". Kilisema "huko juu", na mimi nikamalizia sentensi kwa hamu yangu. Shilingi 40,000.

Mbona basi likapona siku nne? Kwa sababu ya lile fungu la nyaya nililolisukuma.

Jumamosi, 2 Machi. Taa ya buluu, na kilichokuwa chini ya usukani

Nimeongeza LED ya nne, ya buluu, kwenye mguu wa IG2 mgongoni kwa swichi yenyewe. Sasa nina shahidi kila mwisho wa waya. Gari juani saa mbili. Safari hii hatukuhitaji hata tuta. Likazima kwenye kona ya kutokea mtaani kwetu. Buluu inawaka, tulivu, haina habari. Nyekundu imekufa.

Tukalisukuma hadi kivulini, nikafungua plastiki ya chini ya usukani, nikafuata waya kwa vidole kuanzia kwenye swichi. Shubiri moja na nusu tu, vidole vikanata.

Kulikuwa na bonge la tepu nyeusi ukubwa wa yai la kuku, gundi imeyeyuka inavutika kama asali ya zamani. Waya wa IG2 ulikatwa katikati. Kila ncha imesokotwa, si kulehemiwa, na waya mwembamba zaidi unaoelekea kwenye rilei iliyoning'inia nyuma ya redio. Ni rilei ya kukatia moto ya alamu, ile ambayo mwizi akiwasha gari inazima injini. Alamu ilikuwepo nilipolinunua gari. Rimoti yake ilikufa zamani, nami nilishasahau kama ipo.

Nimeichomoa rilei kwenye kitako chake. Mguu mmoja ni mweusi, plastiki inayouzunguka imekuwa kahawia kama ukoko wa wali, na kile kibanio cha shaba kinachotakiwa kuubana mguu kimefunguka, unaweza kuuingiza na kuutoa bila kukaza mkono. Ndani ya mikunjo ya waya shaba imegeuka nyeusi.

Kabla ya kung'oa nikapima, maana nimejifunza. Rilei nikairudisha, nikaitikisa hadi injini ikawaka, mita kutoka kwenye buluu hadi kwenye nyekundu: volti 0.7 zinapotelea pale, na hapo ni kivulini. Tukaiacha juani saa moja: 1.9. Mkondo nilioupima ni kama ampea 6. Zidisha: wati 11 za joto ndani ya kibonge cha tepu, chini ya dashibodi ambayo jua peke yake linaifanya isishikike. Joto linalegeza kibanio, kibanio kikilegea kinazidisha joto, mwisho kinaachia. Kikipoa kinabana tena. Ndiyo maana ile Jumatano injini ilikuwa baridi na gari likafa. Na ndiyo maana drai chini ya boneti haikufaa kitu: ningeielekeza miguuni kwangu ningelimaliza kazi tarehe 10 Februari.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi. Nimekata sehemu zote nyeusi hadi nikafika shaba nyekundu, nimeunga kipande cha waya wa unene ule ule wa asili, nimelehemu, nimevisha mpira wa kusinyaa, nimefunga fungu lote kwenye chuma cha dashibodi lisicheze. Mita kutoka buluu hadi nyekundu: 0.05. Gharama 4,500.

Jumatatu, 18 Machi. Betri imekufa, na kosa ni langu

Gari limekimbia wiki moja na siku kadhaa bila kuzima. Kisha nikaenda Korogwe msibani, siku sita. Nimerudi jana usiku, leo asubuhi nageuza ufunguo: tik. Hata taa ya ndani haiwaki. Betri volti 7.

Nimeipeleka kuchajiwa, 5,000, nikairudisha na kutafuta nani anakula umeme gari likiwa limelala. Nikachukua klampu yangu ya kazini, mita inayopima ampea kwa kubana waya, nikaibana kwenye waya wa betri: 0.00. Safi! Nikafunga boneti, nikanywa chai. Nusu ya kikombe nikakumbuka kwamba klampu yangu ni ya friji, inasoma umeme wa AC tu. Kwenye gari, ambalo ni DC, itasoma sifuri hata umeme mwingi ukipita. Angalia yako kabla hujaiamini. Lazima iwe na alama ya DC upande wa ampea.

Basi njia ya mita. Nimefunga multimita kwenye ampea 10 kati ya kichwa hasi na waya wake. Mlango wa dereva uko wazi lakini kiswichi chake cha taa nimekibana ili gari lidhani umefungwa na taa ya ndani izime. Nikasubiri nusu saa vifaa vilale. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Ilisoma ampea 0.31. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 7 na zaidi, kwa siku sita karibu 45, na betri yangu nzima ni 45. Hesabu imekaa vizuri hadi inaudhi.

Sikuchomoa fyuzi kuitafuta njia, kwa sababu ukichomoa na kurudisha kuna vifaa vinaamka. Niligusisha mita, kwenye millivolti, juu ya vichuma viwili vinavyochungulia mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Moja ilisoma kitu: DOME, ya taa ya ndani na kumbukumbu ya redio. Na nani mwingine amejichomeka hapo kwa waya uliosokotwa? Boksi la alamu. Nilipoiondoa rilei kwenye njia ya moto nilikata nyaya nene tu, koili yake na boksi lenyewe nikaviacha vikining'inia kwa uvivu. Boksi limebaki macho usiku na mchana limeshikilia rilei ambayo haikati chochote.

Leo nimeing'oa alamu yote, hadi honi yake. Nyaya kumi na moja, kila palipochunwa nimepafunika upya. Mita sasa inasoma 0.02. Badala ya alamu nimejiwekea kiswichi changu mwenyewe, na kilipo sikiandiki.

Jumapili, 21 Aprili. Hesabu

Kilomita 2,380 tangu tarehe 2 Machi. Halijazima hata mara moja, kwenye lile jua la Machi wala kwenye mvua hizi za Aprili ambazo zimefanya barabara yetu kuwa mto. Volti kati ya buluu na nyekundu nimezipima tena jana baada ya kuegesha juani: 0.05, vilevile.

Kabla ya kuanza kupima: 263,000. Baada ya kuanza: ethi 7,000, taa 9,500, swichi 40,000, kiungo cha waya 4,500, chaji ya betri 5,000, jumla 66,000. Yote pamoja 329,000. Iliyoondoa kuzima ni ile 4,500, na tuseme 9,500 ya taa zilizonionyesha pa kuiweka. Swichi ya zamani nilirudi nayo Gerezani, muuzaji akanipa 10,000 kwa shingo upande baada ya kuipima na kuikuta nzima.

Taa tatu nimezitoa. Ya buluu bado ipo kwenye dashibodi, mpwa wangu ameomba ibaki. Na juzi nilipokuwa nasafisha stoo niliikuta ile pampu ya kwanza ya mafuta, iliyotolewa mwaka jana ikaitwa mbovu. Nimeitia kwenye ndoo ya petroli iliyobaki kidogo? Hapana, sina wazimu huo. Nimeigusisha betri sekunde moja tu, ikiwa kavu, nje, mbali na kila kitu. Ikalia, nzima kabisa.